Kibao cha Unaisi na Nyumba za Nadogo

Binamu yangu Unaisi alikuwa na kiti chake pale kituoni kama sisi wote, lakini kukikalia kulimshinda. Sisi ni zimamoto wa uwanja wa ndege wa Nadi, hapa Fiji, na sehemu kubwa ya kazi yetu ni kungoja. Asubuhi tunakagua magari, tunapima maji na povu, tunakunjua mipira ya maji na kuikunja tena, kisha tunangoja ndege zitue salama, nazo kwa rehema za Mungu hutua salama. Wengine tumezoea. Tunacheza karata, tunakunywa chai, tunasinzia na buti miguuni. Unaisi hakuzoea. Alikuwa kiguu na njia: dirishani, mlangoni, kwenye gari, tena dirishani. Na siku akikubali kukaa, kidole chake ndicho kisichokaa, maana alikuwa akichora nacho kwenye simu yake yenye ufa.

Alituchora sote. Mimi alinichora nimelala mdomo wazi, akairusha ile picha kwenye kundi la kikosi kizima.

"Wewe mwanamke huna haya hata chembe," nikamwambia.

"Nimekupunguzia tumbo, Waisea. Ulipaswa kuleta zawadi."

Mama yake ni dada wa baba yangu, na binamu asiyekutania ujue amekuchukia. Kwa hiyo niliichukua picha ile kama mapenzi, nikamsubiri kwenye kona yangu.

Mwaka huo kijiji cha baba yake, Nadogo, kule pwani ya Ra, kilikuwa kinahama. Bahari ilishakula safu ya mbele ya makaburi, ikaingia uwanja wa raga, na siku za bamvua kubwa ilikuwa inapiga hodi hadi majikoni. Watu walipewa kiwanja mlimani, nyumba mpya zikaanza kusimama huko, na zile za zamani zikawa zinabomolewa moja moja ili mbao nzima na mabati yapande juu. Unaisi akapata wazo, na wazo likampata yeye: ataichora Nadogo yote, nyumba kwa nyumba, kabla haijaisha.

"Si upige picha tu?" nilimuuliza. "Simu unayo."

"Nipige picha ya nini? Ya bati nusu na ukuta ulioliwa na chumvi? Picha inachukua kilichopo. Mimi nataka ile ya wakati Shangazi anakaanga samaki na mlango umefungwa na mbwa amelala mbele yake."

"Basi chukua karatasi na penseli."

"Nimejaribu. Hujui watu wa Nadogo. Nikichora mnazi, mmoja anasema ulikuwa kushoto, mwingine kulia. Nimefuta mpaka karatasi imetoboka. Kwenye simu naweza kuuhamisha mnazi bila kuugusa ukuta. Ila kidole, binamu. Kidole changu ni kinene kuliko nyumba yenyewe."

Hapo ndipo ilipoanza habari ya kibao. Kumbe vipo vibao vya kuchorea, unashika kalamu ya mchoraji kabisa, ukikandamiza mstari unanenepa, ukilegeza unakonda. Vipo vyenye kioo, unachora palepale unapotazama. Vipo visivyo na kioo, bapa jeusi tu kama kibao cha kukatia vitunguu: mkono unachora chini, mchoro unatokea kwenye simu au kompyuta. Na vipo vishikwambi vinavyojitosheleza, havihitaji kuunganishwa na chochote, ila bei yake ungedhani vinazima moto vyenyewe.

Nakwambia, kituo kizima tulikuwa mafundi wa vibao bila kupenda. Kila zamu alikuja na uamuzi mpya. Jumatatu ni chenye kioo, bila kioo ni upuuzi. Jumatano kasikia chenye kioo kinapata joto na kinataka nyaya tatu na kompyuta, basi ni kile bapa. Ijumaa bapa ni dogo mno, mkono utaminyika. Akatazama watu wa ng'ambo wakivisifu kwenye simu, mpaka mumewe Orisi akaniambia kanisani, "Waisea, hao watu sasa nawajua sauti. Nikiamka nasikia mmoja anazungumzia ncha za kalamu."

"Mchagua jembe si mkulima," nikamtupia siku moja tukiosha gari.

Akaninyunyizia maji usoni. Lakini niliona limemchoma, kwa sababu jioni ileile alinunua.

Alinunua vibaya. Kwenye kundi moja la kuuza na kununua alimpata mtu wa Suva anayeuza kibao chenye kioo, kilichotumika kidogo, kwa bei ya kuokota. Kikaja na basi kimefungwa kwenye taulo. Wote tulisimama akikiwasha kwenye kompyuta ya zamani ya Orisi. Kioo kikawaka vizuri, cheupe, tukapiga makofi. Akashusha kalamu. Hakuna kitu. Akakandamiza, akaigeuza, akaipiga kwenye kiganja. Kalamu ile haikuwa yake. Ilitoka kwenye kibao cha aina nyingine kabisa, na kwenye kile kioo ilikuwa sawa na kijiti cha mishikaki. Akatafuta kalamu yenyewe kila mahali. Haitengenezwi tena. Mtu wa Suva hakupokea simu, kisha simu yake ikawa haipatikani kabisa.

Sikumtania. Alikirudisha kile kibao kwenye taulo, akaenda kusimama dirishani, mguu mmoja ukigonga sakafu kama unapiga ngoma ya peke yake. Toka hapo akawa mwoga. Kila alichokiona alikishuku, na wiki zikaenda.

Halafu shangazi yake, Mama Ulamila, akapiga simu. Tulikuwa tumepanga mipira sakafuni. Unaisi akaweka sauti ya wazi kwa sababu mikono ilikuwa imelowa.

"Unaisi, mafundi wanakuja kwangu kesho."

"Kesho? Shangazi, si ulisema mwezi ujao?"

"Bamvua inayokuja itakuwa kubwa, hawataki mbao zilowe. Mimi nimeshafunga vyombo. Nimeona nikwambie, maana ulisema utaichora."

"Nitakuja."

"Usijisumbue mwanangu, ni nyumba tu."

Lakini sauti yake haikusema ni nyumba tu. Unaisi alikulia mle, mama yake alipokuwa kazini mji wa Lautoka. Zamu ilipoisha hakubadili nguo. Akanishika mkono, tukaingia kwenye gari langu na magwanda yetu, mpaka mjini, dukani kwa Prabha.

Prabha anauza simu, chaji, vifuniko, redio, na kwenye rafu ya nyuma vibao viwili vitatu vya kuchorea ambavyo Unaisi alikuwa ameshavishika mpaka maboksi yakalegea. Alipotuona akaweka chini kipande chake cha roti.

"Mnakuja kuzima moto au kununua?"

"Kununua," Unaisi akasema.

"Dada, usinitanie. Kila Jumamosi unakuja, unashika, unapima kwa mkono, unaniuliza maswali, unakwenda zako. Hivi vibao vinakujua kwa jina."

"Leo nanunua. Kesho wanabomoa nyumba ya shangazi yangu."

Prabha akafuta mikono, akavishusha vyote mezani. "Haya. Utachorea wapi?"

"Nadogo. Chini, kwenye mkeka."

"Umeme upo?"

"Nguzo zimeshahamishwa."

"Basi hiki chenye kioo kiondoe, kitakufia mikononi. Kompyuta unabeba?"

"Ya Orisi betri yake ni jina tu."

"Kwa hiyo ni simu." Akakiacha mezani kile bapa jeusi, si kidogo sana wala si kikubwa, kikubwa kuliko kitabu cha nyimbo kidogo tu. "Hiki kinaongea na simu kwa waya huu. Kalamu yake haichajiwi. Lakini nakwambia mapema usije ukanilaani: kwenye simu hakifanyi kazi chote, ni hiki kipande cha kushoto tu, kwa sababu simu imesimama wima. Ukikiunganisha na kompyuta ndiyo kinafunguka chote."

"Wiki zote hizo hukuniambia."

"Wiki zote hizo hukuniambia unachorea kwenye mkeka. Uliniuliza kipi kizuri. Vyote vizuri, dada."

Unaisi akataka kuanza kuuliza tena. Niliuona mdomo unafunguka. Kisha akautazama mlango, jua lilikuwa linaelekea baharini, akakitoa kibao kwenye boksi na kulipa. Bei yake ilikuwa chini ya kile alichomtupia mtu wa Suva.

Kesho yake tuliondoka alfajiri. Malori ya miwa yalitubana mpaka mji wa Ba, na Unaisi alikuwa pembeni yangu kibao magotini, waya umening'inia, anajaribu kuchora huku gari linaruka mashimo.

"Tulia, utatapika."

"Wewe endesha."

Tulipofika, watu wawili walishakuwa juu ya paa la Mama Ulamila wanang'oa misumari. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi kwenye mkeka chini ya mti wa shelisheli, birika pembeni, sufuria zake zimefungwa kwenye shuka kama mtu anayekwenda msibani. Unaisi akambusu, akaketi, akaunganisha, akaanza.

Sijawahi kumwona mtu akiaibishwa na kitu kidogo kama kile. Jicho lilikuwa kwenye simu, mkono kwenye goti, na hawakujuana. Alipotaka ukuta, ukuta ulikwenda baharini. Alipotaka kufunga pembe ya paa, mstari ulipita ukaenda zake Lautoka. Akitazama mkono, anapoteza mchoro. Akitazama mchoro, anapoteza mkono.

Nilichungulia. "Hiyo ni nyumba au kaa aliyekanyagwa?"

"Waisea, nenda kawasaidie mafundi."

"Mwanangu, kunywa chai kwanza," Mama Ulamila akasema. "Unachora kama mtu anayefukuzwa."

"Si ninafukuzwa, Shangazi? Huoni wanavyokwenda?"

Kweli walikuwa wanakwenda. Mabati yalishuka moja baada ya jingine, yanalia. Nikapanda kusaidia, na kila nikitazama chini namwona ameinama, nywele zimemwangukia, kalamu inakwaruza. Mara alisimama akaizunguka nyumba, akarudi, akaketi, akasimama tena. Mchana nyumba ilikuwa nguzo tupu, na anga inaonekana pale palipokuwa jikoni. Kwenye simu alikuwa na paa, nusu ya dirisha, na mbwa. Mbwa alitoka vizuri. Mbwa mwenyewe alikufa zamani.

Mama Ulamila alipotazama simu hakusema baya. "Huyo ni Boso," alisema. "Masikio yake hasa." Kisha akageuka upande wa bahari, akaanza kufunga kamba kwenye shuka ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

Njiani kurudi Unaisi alisema neno moja tu: "Sikuiwahi." Nilimnunulia muhogo wa kukaanga tulipopita mji wa Rakiraki, akaushika mpaka ukapoa.

Baada ya hapo nilidhani kile kibao kitaungana na kile cha kwenye taulo. Haikuwa hivyo. Alikileta kazini kila zamu, akawa anachora mistari tu. Mistari mirefu, duara, mistari, kama mtoto anayefunzwa kuandika. Wenzetu walicheka, akaacha wacheke. Akikasirika anakiweka, anazunguka gari mara moja, anarudi.

Siku moja king'ora kikalia katikati ya mistari yake. Ndege ndogo iliyotoka tu kuruka ilikuwa inarudi na moshi kwenye magurudumu. Tulitoka mbio, tukajipanga kando ya njia ya kutua, ikashuka, breki zilikuwa zimeshika moto kidogo, tukazipoza, abiria wakashuka na mikoba yao wakitupungia. Yote yalikwisha kabla jasho halijatoka. Tuliporudi Unaisi alikuwa bado anahema. Akakaa bila kuvua koti, akashika kalamu, akachora ile ndege, macho kwenye simu, mkono peke yake. Mstari mmoja mrefu wa tumbo la ndege, bila kukatika. Labda akili yake ilikuwa bado huko nje na haikupata nafasi ya kumsumbua mkono. Mwenyewe aliutazama kama umechorwa na mtu mwingine.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia. Ukatoka tena, umepinda kidogo, lakini ulitoka.

Jumamosi zilizofuata tulikuwa Nadogo. Nyumba nyingine aliziwahi zikiwa zimesimama, nyingine alizichora kwa kusimuliwa, huko juu kwenye ukumbi mpya unaonukia mbao. Huko ndiko nilikoelewa kwa nini karatasi isingefaa. Watu walimzunguka kama watazamaji wa raga.

"Ngazi ya kwetu ilikuwa na vidato vinne."

"Vitatu! Cha nne alikivunja Tomasi akiwa amelewa."

"Basi mchore na Tomasi."

"Huo mshelisheli unausogeza kwetu kwa nini? Ulikuwa kwa jirani, na majani yalikuwa yanaangukia kwetu, ndipo ugomvi wote ulipotoka!"

Unaisi anausogeza mti. Wanatazama. Wanabishana. Anaurudisha. Nyumba ya Mama Ulamila aliianza upya, na shangazi yake akakaa pembeni siku nzima akimwambia pazia, ndoo, kamba ya nguo, mpaka akafikia kusema, "Sasa funga mlango, nzi wanaingia," kama nyumba ipo. Picha ile tuliichapa mjini, akaitundika kwenye nyumba yake mpya. Hata hivyo ukimtembelea utamkuta nje, ameketi ukingoni mwa kilima, anatazama chini. Anasema huku juu upepo haumpi usingizi.

Aliyekataa ni Mzee Sitiveni, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Unaisi. Alikataa kuchorwa na alikataa kuhama. Nyumba yake ilibaki peke yake kule chini, mlango wazi, maji yakipita chini ya sakafu.

"Baba Mkubwa," Unaisi alimwambia, amesimama matopeni na kibao chini ya kwapa, "niruhusu nikae hapa nje tu. Sitakusumbua."

"Unachora nyumba kama watu wanavyopima maiti. Mimi sijafa."

"Sijasema umekufa."

"Nenda kawachore waliohama. Wao ndio wanaotaka kukumbuka. Mimi naishi."

Unaisi akarudi kwenye gari, akabamiza mlango. Juma lililofuata akajaribu tena, akafukuzwa tena. Nikamwambia aache. Akasema ameacha, na Jumamosi akaniamsha kwa honi.

Bamvua nyingine kubwa ilipokuja ikafanya kazi ambayo maneno hayakuweza. Haikuibomoa nyumba, ililiondoa jiko tu, kile kibanda cha nyuma alichokijenga mkewe Litiana kwa mikono yake kabla hajafariki. Kulipokucha palikuwa pamesafishwa, mchanga laini kana kwamba hapajawahi kukokwa moto. Wajukuu wake wakamchukua mlimani na godoro lake, naye hakupigana.

Tulimkuta ukumbini amekaa mwisho kabisa, mgongo ukutani, mbele yake bakuli la kava, kinywaji chetu cha mizizi, ambalo hajaligusa. Watu walikuwa wanabishana juu ya mchoro wa kanisa. Unaisi hakumfuata. Nilimwona anavyojizuia, goti linacheza chini ya sulu aliyojifunga kiunoni. Watu walipotawanyika kwenda kula, mzee akasogea mwenyewe.

"Hicho kidude chako," akasema, "kinaweza kuchora moshi?"

"Kinaweza, Baba Mkubwa."

"Jiko la mama yako mkubwa lilikuwa na moshi muda wote. Hata asipopika."

Unaisi akaketi sakafuni, akafungua ukurasa mtupu. Mzee akaanza: mianzi ya ukuta ilisimamishwa, haikulazwa. Mawe matatu, moja jeusi. Rafu ya chumvi. Akachora. Mzee akainama mpaka paji lake likakaribia simu.

"Siyo."

Akafuta mianzi, akachora mingine.

"Siyo. Aliinama kuingia. Mlango ulikuwa mfupi, yeye alikuwa mrefu."

Akaushusha mlango. Mimi nikaenda kula, nikarudi, bado wako palepale. Juma lililofuata hivyohivyo, na lililofuata. Magimbi yakaivishwa yakaliwa, watu wakapita juu ya waya wao. Moshi ulikuwa mzito mno, kisha mwepesi mno, kisha ukaelekea upande usiokuwa wake. Unaisi, ambaye hakuwahi kumaliza kikombe cha chai ameketi, alikaa mpaka miguu ikamfia ganzi.

Mara ya mwisho nilipokuwa nao, mvua ilikuwa inapiga bati jipya na ukumbi umejaa watoto. Kwenye simu palikuwa na jiko ambalo mimi ningeapa limekamilika, mpaka kivuli cha mwanamke aliyeinama mlangoni. Mzee Sitiveni alilitazama kwa muda mrefu. Akavuta mkeka wake, akausogeza karibu zaidi na goti la Unaisi.

"Bado," akasema. "Nyuma yake palikuwa na kuni. Ngoja nikueleze alivyokuwa anazipanga."

Unaisi akaigeuza kalamu mkononi, akangoja.